Jibu: Mapafu peke yake, au pamoja na wagonjwa mahututi?

Daktari mwenzangu, umeuliza kama usomee ubobezi wa mapafu peke yake au uuchanganye na huduma ya wagonjwa mahututi. Kwa mfumo wa Marekani, baada ya miaka 3 ya mafunzo ya magonjwa ya ndani, kila kimoja peke yake ni miaka 2, vyote kwa pamoja 3. Changanya. Mgonjwa wako wa mapafu akizidiwa atawekewa mashine ya kupumulia, na hapo ndipo utayajua mapafu: unampima urefu, unakokotoa uzito anaostahili kuwa nao, unaanza na mililita 6 za hewa kwa kila kilo katika kila pumzi, kisha unasimama palepale kitandani ukiangalia shinikizo la hewa ndani ya mapafu lisipite sentimita 30 za maji. Utarudi kulitazama usiku kucha.

Ukichagua chuo, waulize walio mwaka wa kwanza wanafanya bronkoskopi (kuchungulia njia za hewa kwa mrija wenye kamera) ngapi kwa mikono yao, na bingwa gani anakuwa nao saa nane za usiku. Uliza pia nani anawafundisha kuongea na ndugu wa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Hilo wengi hulisahau, na mimi linaniuma sana.