Ubuntu inakula bando, niizuieje?

SWALI: Habari fundi, mi nina kaofisi ka kuchapa na kutoa kopi hapa Morogoro, kompyuta ni Ubuntu na intaneti natoa kwenye simu, sasa nikiwasha tu asubuhi bando linakatika hata sijafungua kitu, kumbe ni apudeti zinajishusha zenyewe. Nikaambiwa niandike iptables -P OUTPUT DROP (iptables ndio komandi ya kuzuia na kuruhusu mtandao), basi kila kitu kikafa, kurasa hazifunguki na hata printa ya USB imegoma. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Hiyo komandi haichagui, inatupa kila paketi, yaani kipande cha data, inayotaka kutoka, mpaka zile programu zinazoongea zenyewe kwa zenyewe humo humo ndani kupitia lo, yaani 127.0.0.1, anwani ya kompyuta kujiita yenyewe, na printa nyingi za USB za siku hizi zinapita huko huko. Irudishe kwanza:

sudo iptables -P OUTPUT ACCEPT

Sasa mkamate mwizi mwenyewe. Kwenye Ubuntu anayeshusha programu na apudeti za apt (chombo cha Ubuntu cha kuinstoli programu) ni yuza anaitwa _apt, kwa hiyo mzuie huyo tu, wengine waache wapite:

sudo iptables -I OUTPUT -m owner --uid-owner _apt -j REJECT

Rudia hivyo hivyo kwa ip6tables, maana iptables inashika anwani za zamani za IPv4 tu na ip6tables inashika zile mpya za IPv6, watu wengi wanasahau hapa, wanaziba IPv4 halafu paketi zinatoka kwa IPv6 wao wanashangaa. Nimeweka REJECT sio DROP kwa sababu apt inajibiwa hapo hapo kwamba hakuna njia, kwa DROP ingekaa inasubiri weee. Ukitaka kuhakikisha andika sudo iptables -L OUTPUT -v -n halafu ujaribu apt update, utaona namba ya pkts kushoto inapanda kwenye ule mstari wa REJECT.

Ila snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuinstoli programu, haipiti kwa _apt, yenyewe inashusha kama root (yuza mkuu), hiyo isimamishe kwa sudo snap refresh --hold.

Ukizima mashine rulu, yaani hizo amri za kuzuia, zinafutika. Dawa yake ni iptables-persistent, programu ya kuzihifadhi, na uiinstoli KABLA ya kumfungia _apt maana baada ya hapo utaishushaje? Ukishaweka rulu zote piga sudo netfilter-persistent save. Na usikae miezi bila apudeti za usalama, siku ukipata waifai ya bure ondoa rulu kwa kuandika -D mahali pa -I, kwa iptables na ip6tables zote mbili, ushushe apudeti zako kisha uifunge tena.