Je, kereng'ende na fuko huitana?

SWALI: Bwana Mhariri, kila mwaka mvua za kwanza zikishanyesha, kereng'ende wa manjano hujaa juu ya uwanja wetu, na siku hizo hizo mafuko huanza kurundika udongo katika shamba la viazi vitamu. Baba mkwe wangu husema kwamba viumbe hawa wawili huitana. Je, wana uhusiano gani?
Msomaji wa Ruashi, Lubumbashi

JIBU: Hawaitani, ndugu msomaji, ingawa mzee wenu ameona vema, kwani wote wawili huitii mvua, ila mmoja huja nayo, na mwingine alikuwapo chini ya miguu yenu kiangazi chote.

Kwa maelezo yako, kereng'ende huyo yaelekea ni Pantala flavescens, msafiri ambaye huvuka hata Bahari ya Hindi akibebwa na pepo. Hutaga katika madimbwi ya mvua, kwa sababu lava wake, yaani mtoto wake aishiye majini, hukua upesi, mara nyingi kwa wiki sita hadi tisa, na hivyo huweza kuruka kabla maji hayajakauka.

Fuko hana safari. Wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka kama tofali, naye huchimba kwa meno, si kwa kucha kama wengi wanavyodhani; midomo yake hufungana nyuma ya meno ya mbele ili udongo usimwingie kinywani. Ardhi ikilainika ndipo hurefusha njia zake kutafuta mizizi, na hapo ndipo viazi vyenu huliwa. (Wataalamu walipoipa jenasi yake jina la Fukomys mwaka 2006, walilitwaa neno hili hili la fuko, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka.)

Kereng'ende huwinda kwa macho makubwa yanayokifunika karibu kichwa chote. Macho ya fuko ni madogo mno, lakini hapotei: majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990 juu ya mafuko wa Zambia yalionyesha kwamba hujenga kiota upande wa kusini-mashariki, na uga wa sumaku, yaani nguvu ile inayoielekeza dira, ukigeuzwa, nao huhamisha kiota.

Kwa hiyo mkiwafukuza mafuko, kereng'ende hatapungua hata mmoja; mkifukia madimbwi ya uwanjani, hao ndio watakaokwenda kutaga kwingine.