Sabufa Haipimwi kwa Kutetemesha Duka

Sabufa yangu ya kwanza niliichagulia dukani, Kariakoo, kwa dakika tano. Kijana alichomeka flashi, akapandisha sauti mpaka mabati ya kibanda cha jirani yakaanza kulia, akaniambia, "Kaka, sikia mdundo huo!" Nikausikia. Nikalipa. Nikapanda bajaji mpaka Tabata nimekumbatia boksi lililoandikwa wati 10,000.

Wiki ya pili nilishaichoka. Kila wimbo ulikuwa na besi moja tu: vuuum. Taarabu vuuum, rumba vuuum, na msoma taarifa ya habari anaongea kama yumo ndani ya pipa. Nikaigeuza nisome kibandiko cha nyuma: volti 230, hezi 50, wati 60. Nilicheka peke yangu. Chombo kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 10,000 mfululizo kwenye spika. Zile za kwenye boksi ni PMPO, hesabu ya kuuzia. Ya kuulizia ni RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na kama muuzaji haijui, kibandiko cha nyuma hakidanganyi sana.

Hata wati za kweli zisikutie wazimu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kati ya sabufa ya wati 100 na ya wati 150, mimi siongezi hata elfu hamsini.

Hii ninayotumia sasa ni ya mtumba, inchi 10, ampu yake, yaani kikuza sauti, imo ndani. Mwenyewe alikubali niende nayo nyumbani siku tatu kwa kumwachia nusu ya pesa. Ukipata muuzaji wa hivyo usimwache, maana sabufa ukiisikia dukani umelisikia duka.

Usiku wa kwanza nilipiga singeli, tena kwa sauti ndogo. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini mapigo ya singeli huvuka 200 kwa dakika; kati ya pigo na pigo haifiki hata theluthi ya sekunde. Sabufa legelege haijamaliza kutetemeka kwa pigo la kwanza, la pili limeshafika, na unachosikia ni ngurumo moja ndefu. Nzuri inapiga na kunyamaza. Kisha nikaweka dansi la zamani, nikajaribu kuifuata besi kwa mdomo. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ile ya kwanza ilikuwa haishuki huko kabisa. Ilikuwa na noti zake mbili tatu inazozipenda, nyingine zote inazimeza. Hii niliweza kuimba nayo mpaka chini.

Filamu ni jambo jingine. Besi ya milipuko ina chaneli yake peke yake, ile ".1" ya kwenye 5.1, mfumo wa chaneli tano za kawaida na moja ya besi. Ukiunga TV kwa waya wa hedifoni, mara nyingi chaneli hiyo inatupwa njiani, halafu unailaumu sabufa bure. Na kama boksi la sabufa lina tundu la hewa, weka mkono pale wakati wa mlipuko na usikilize: upepo lazima utoke, ila ukisikia fuuu-fuuu kama mtu anapuliza chupa, imezidiwa.

Kilichonichosha ni chumba. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.3, na wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita 8.6, mara mbili ya sebule. Matokeo yake, noti hiyo inajaa kwenye kuta mbili na kutoweka katikati, mahali hasa nilipoweka kochi langu! Mama mkwe, aliyekaa kochi la ukutani, alikuwa analalamika kifua kinamdunda, mimi hapo katikati sisikii kitu, naongeza sauti. Dawa yake ni ya kuchekesha: unaiweka sabufa juu ya kochi unalokaliaga, unapiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha unatambaa kando ya kuta, sikio chini. Pale ambapo noti zote zinasikika sawa, ndipo pa kuiweka. Mke wangu aliingia akanikuta kwa magoti, akauliza kama nimeangusha hela. Nilikuwa nimeibana kwenye kona, na kona huikuza besi yote. Ilihamia karibu na dirisha, na kochi nikalirudisha nyuma kidogo.

Kitufe cha kukatia masafa, kinachoamua sabufa ichukue sauti za kuanzia wapi kwenda chini, nimekiweka kwenye hezi 80. Kipimo changu ni mtangazaji wa mpira: sauti yake ikianza kutokea upande wa sabufa badala ya kwenye TV, umekipandisha mno. Ile swichi ya 0 na 180, ya kupatanisha mitetemo ya sabufa na ya spika nyingine, igeuze huku na huku, bakiza upande wenye besi nzito pale ulipokaa. Basi.

Luva za dirisha zilikuwa zinalia; vipande vya karatasi iliyokunjwa vikazinyamazisha. Kabati la vyombo ndilo lilikuwa gumu, nililituhumu mwishoni kabisa. Halafu kulikuwa na mngurumo hata muziki ukizimwa. Nilipochomoa waya wa sauti ukaisha, nikajua sabufa haina kosa. Nikachomeka TV na sabufa kwenye ekstensheni moja, kimya.

Siku ya tatu nilimpigia yule jamaa nikamlipa nusu iliyobaki. Kasoro moja nimeigundua baadaye: ikiwa kwenye kujiwasha yenyewe, usiku nikisikiliza kwa sauti ndogo inadhani hakuna kitu, inazima katikati ya wimbo. Kwa hiyo swichi ya nyuma nimeiacha kwenye kuwaka muda wote, na kila nikienda kulala mke wangu ananiuliza, "Umeichomoa hiyo? Luku hiyo."