Sumaku ya kichwani kwa sonona kali: mimi nimepita huko

Mleta uzi, umesema kaka yako yuko Toronto, dawa mbili za sonona zimegonga mwamba, daktari kamshauri tiba ya sumaku, na bi mkubwa huko Tanga amekataa katakata kwa sababu kuna mtu kamwambia mwanawe atapigwa shoti ya kichwa. Tiba hiyo nimeifanya mimi mwenyewe, hukohuko Toronto, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Shoti anayoiogopa bi mkubwa ipo kweli. Ilianza Roma mwaka 1938 na mpaka leo inatumika, ila sasa mgonjwa anapigwa nusu kaputi, anapewa dawa ya kulegeza misuli, ndipo umeme unapitishwa kichwani mpaka kitokee kifafa kifupi cha makusudi. Aliyopendekezewa kaka yako ni nyingine kabisa. Unakaa kwenye kiti ukiwa macho, koili (waya uliozungushwa ndani ya kifaa) inawekwa kichwani upande wa kushoto kwa mbele, na mapigo ya sumaku yanaamsha umeme mdogo kwenye eneo hilo la ubongo. Hupasuliwi wala hulazwi. Ukimaliza unapanda basi unaenda zako kazini.

Siku ya kwanza ni ya vipimo. Fundi wa mashine alianza kwa kutafuta sehemu inayoendesha mkono, akawa anaongeza nguvu kidogo kidogo, mara kidole gumba changu cha kulia kikaruka chenyewe. Nikabaki nakitazama. Kumbe ndivyo wanavyojua kichwa chako kinahitaji nguvu kiasi gani, maana kila mtu ana kiwango chake. Baada ya hapo koili ikasogezwa mbele na kazi ikaanza. Inagonga kama kigong'ota juu ya bati, ndiyo maana unapewa vya kuziba masikio. Nyusi inachezacheza, na siku za mwanzo kichwa kiliniuma mpaka nikawa natembea na panadol. Dada zangu mnaosoma hapa: msiende na rasta nene. Koili ikikaa mbali na ngozi ya kichwa nguvu inapungua, kwa hiyo niliambiwa nifumue. Zilikuwa mpya, na hela ya msusi mnaijua.

Sasa kuhusu maendeleo yenyewe. Marekani iliporuhusu tiba hii kwa sonona mwaka 2008, kikao kimoja kilikuwa kama dakika 37, siku tano kwa wiki, wiki nne mpaka sita. Bosi gani atakupa ruhusa hiyo? Mwaka 2018 Wakanada wakatoa utafiti wa wagonjwa 414 ulioonyesha kwamba mapigo ya mtindo mpya, ya dakika 3 tu, hayazidiwi na yale ya dakika 37. Kwangu mimi hapo ndipo penye mapinduzi, kwa sababu mashine ileile inahudumia watu wengi zaidi kwa siku. Kwa hospitali za umma za kwetu na foleni zake, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua nani anafikiwa.

Najua mtu ataleta habari ya jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lile la vikao 10 kwa siku kwa siku 5. Ni kweli, 79% ya waliopata tiba halisi walifikia kuondokewa na sonona ndani ya wiki nne, dhidi ya 13% ya waliowekewa sumaku ya kuigiza. Lakini jaribio lile lilikuwa na watu 29, wote pamoja! Mimi namwekea kaka yako matarajio ya Wakanada: kwenye kundi la dakika 3, karibu nusu walipata nafuu kubwa, na 32% ndio sonona iliwaondoka.

Na nafuu haiji kwa kishindo. Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu. Kisha asubuhi moja nikajikuta nagomba na mume wangu kwamba chai haina hiliki. Yeye akafurahi, maana kwa miezi nilikuwa nakunywa chochote nilichowekewa bila kujali. Dawa sikuacha. Baadaye hali ilipoanza kushuka tena nikarudishwa kwa awamu fupi, na hilo ni la kawaida, asilichukulie kama tiba imefeli.

Amweleze daktari kila kitu: kama ana chuma au kifaa chochote kichwani, kama amewahi kuanguka kifafa, kama anakunywa pombe au halali usiku. Sumaku inaweza kuleta kifafa. Ni nadra sana, lakini kifafa cha zamani, pombe na kukosa usingizi ndivyo vinavyoongeza hatari.

Ila kama amegoma kula, au anazungumzia kujiua, msikae kusubiri wiki za sumaku. Hapo ile shoti anayoiogopa bi mkubwa ndiyo yenye nguvu zaidi na inayowahi, ingawa inaweza kuvuruga kumbukumbu. Asiachwe peke yake, na huko Kanada apige 988, namba ya msaada kwa anayefikiria kujiua, saa yoyote.

Bi mkubwa naye, muombeni fundi ruhusa mumpigie simu ya video kikao kikiendelea. Akimwona mwanawe amekaa kitini macho yako wazi, mtabishana kidogo tu.