Sifuri haihitaji zoezi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mashine ya kukereza inayoendeshwa kwa kompyuta, hapa Nyakato, Mwanza. Betri ya enkoda, kile kifaa kinachoijulisha mashine imesogea hadi wapi, iliisha, mashine ikasahau sifuri yake, yaani pale inapoanzia kuhesabu mwendo. Nilipomaliza kazi niliandika kwenye daftari la zamu: "Nimeziroisha ekseli ya X na Z." Msimamizi akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika: "Zoezi la kufanya marekebisho ya sifuri za mihimili limefanyika." Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Wewe umekosea kidogo. Msimamizi kakosea sana, tena kwa wino mwekundu.

Neno mhimili kapatia, nampa haki yake: ni mstari ambao sehemu ya mashine inasogea juu yake. Ekseli ni ile ya chini ya lori la sangara. Lakini hilo zoezi! Zoezi linatokana na kuzoea: ni jambo unalolirudia mpaka mwili au akili ilizoee. Mwanafunzi ana zoezi la hesabu, askari ana zoezi la shabaha. Siku hizi kila kitendo kikipita mbele ya ofisa kinavishwa zoezi kama joho.

Juzi nilikuwa kwenye kivuko kimoja hapa ziwani. Tumefika, mlango wa chuma umelala chini, kipaza sauti kikaanza: "Ndugu abiria, zoezi la kushusha magari linaendelea, baada ya hapo litafuata zoezi la kushuka kwa abiria." Nikatazama. Lori la magunia ya dagaa, tairi za mbele tayari ziko nchi kavu, utingo anarudi nyuma akipunga mkono, "Njoo, njoo, kata kulia!" Hakuna aliyekuwa mazoezini pale. Lori lilikuwa linashuka. Mama mmoja mwenye ndoo ya sato akanigeukia: "Baba, wamesemaje?" Nikamwambia: magari yanashuka, kisha sisi. Akajitwika ndoo yake. "Si waseme!"

Na chombo kikizama, Mungu apishie mbali, utatangaziwa "zoezi la uokoaji". Watu wanaokolewa jamani, hawafundishwi kuogelea.

Nirudi kwako. Sifuri ni Kiarabu, maana yake tupu; hata hiyo ziro ya Kizungu ilitoka kwa neno hilohilo, ikapitia Italia. Kwa hiyo umemwacha ndugu wa karibu ukamfuata binamu aliyekulia Ulaya. Si kosa la jinai.

Kinachonisumbua ni kwamba "kuziroisha" kunameza kazi mbili. Ukiandika G28, amri ya kurudi kwenye sifuri, na mihimili ikaenda kwenye alama yake, hapo UMEIREJESHA kwenye sifuri. Mashine ilikuwa inajua ni wapi. Betri ikifa, mashine haijui tena. Hapo unasogeza mhimili hadi kwenye alama, kisha unaiambia "ni hapa": kwa mashine zenye kompyuta ya Fanuc ni ile biti, swichi ya ndani ya programu, katika parameta 1815. Hapo UMEIWEKA sifuri. Ukikosea kuiweka, mipaka ya mwendo iliyowekwa ndani ya kompyuta imehama nayo, na fundi wa zamu ya usiku anayesoma daftari anahitaji kujua ulifanya lipi.

Tena kuna sifuri ya kazi, ya kile chuma ulichofunga. Nenda mwaloni Kirumba: mchuuzi anaweka ndoo tupu juu ya mizani, anabonyeza, inasoma sifuri, ndipo anamimina dagaa. Mizani haijahama, yeye kachagua pa kuanzia kuhesabu. Hiyo usiichanganye na sifuri ya mashine.

Basi andika: "Nimeweka upya sifuri ya mashine, mihimili ya X na Z." Ukiwa na wenzako mnakunywa chai, ziroisheni mpendavyo, masikio yangu yameshazeeka.

Na betri za Fanuc, zibadilisheni mapema, mashine ikiwa imewashwa. Kisha daftarini: "Tumebadilisha betri." Ukurasa ukirudi na zoezi, nitumie picha.