Kukagua tovuti kwenye seva mpya kabla domeni haijahamishwa

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kuiona tovuti ya mteja kwenye seva mpya ilhali domeni bado inaelekeza kwenye ile ya zamani: mimi hutumia faili la hosts. Anwani ya muda inayotolewa na kampuni za kuhosti siipendi, kwa sababu WordPress, programu ya kujengea tovuti, huhifadhi anwani kamili ya tovuti ndani ya hifadhidata, na ukibofya kiungo kimoja tu unaweza kurudishwa kwenye tovuti ya zamani pasipo kujua, ukaisifu kazi ambayo hujaiona.

Kompyuta hutazama faili la hosts kabla ya kuuliza DNS, mfumo unaogeuza jina la domeni kuwa IP, yaani namba ya anwani ya seva, na IP iliyoandikwa humo kando ya jina huchukuliwa ilivyo. Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc, na kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts. Notepad lazima ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, la sivyo itakataa kuhifadhi. Tena jihadhari isilibandike faili hilo mkia wa .txt, kwani likiwa na mkia huo halitasomwa. Mwishoni ongeza mstari kama huu, ukiweka IP ya seva yako mpya:

203.0.113.25 jinalako.co.ke www.jinalako.co.ke

Andika majina yote mawili, maana alama ya nyota haifanyi kazi humo. Kisha endesha ipconfig /flushdns, amri ya Windows ya kufuta majibu ya DNS ambayo kompyuta imeyakumbuka, funga kivinjari chote na ukifungue upya. Usipime kwa amri ya nslookup, ambayo huiuliza seva ya DNS moja kwa moja na itakupa IP ya zamani hata kama mstari wako hauna kasoro, tumia ping. Mimi huongeza faili dogo, seva-mpya.txt, kwenye seva mpya peke yake, na likifunguka kwenye kivinjari sina shaka niko wapi.

Onyo la cheti cha SSL, kile kinachoithibitisha tovuti kwenye https, lisikushtue iwapo seva mpya bado haina cheti cha jina hilo, kwani Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kwa kawaida huthibitisha kupitia domeni yenyewe, nayo bado iko kwingine. Lakini tovuti ikiwa na HSTS, agizo la kutumia https pekee, kivinjari hakitakuruhusu kulipita onyo hilo. Hapo omba cheti kwa uthibitisho wa rekodi ya TXT, yaani maandishi unayoyaweka kwenye DNS ya domeni, au nakili cheti cha zamani pamoja na ufunguo wake.

Jambo ambalo hosts haiwezi kukuonyesha ni malipo. Nilipohamisha duka la leso la mfanyabiashara mmoja wa Biashara Street, hapa Mombasa, kurasa zote zilikuwa sawa, hata jina la kila leso lilisomeka chini ya picha yake. Nililipa kwa M-Pesa: ombi la PIN likaja kwenye simu, pesa zikakatwa, ujumbe ukaingia, lakini oda kwenye seva mpya ikabaki inasubiri malipo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa majibu ya malipo hutumwa na seva za Safaricom, nazo hazisomi faili lililo kwenye laptopu yangu. Majibu yalikwenda seva ya zamani. Kwa majaribio, fungua domeni ndogo inayoelekeza kwenye seva mpya, uiweke kuwa anwani ya kupokelea majibu, na utumie mazingira ya majaribio ya Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha tovuti na M-Pesa.

Mwenye duka akitaka kujionea, mpelekee laptopu, kwani kuhariri faili hilo kwenye simu huhitaji kuidukua kwanza, na simu ya mtu mzima wa watu si ya kuchezewa hivyo.

Ikiwa TTL ya domeni, yaani muda ambao jibu la DNS hukumbukwa kabla ya kuulizwa tena, ni sekunde 86400, yaani siku nzima, ishushe hadi 300 angalau siku moja kabla ya kuhamisha, na uinakili tena hifadhidata dakika za mwisho, kwa sababu oda zinaendelea kuingia upande wa zamani. Ukishahamisha, futa ule mstari wa hosts siku hiyo hiyo, kisha ukague kwa simu inayotumia bando, si WiFi ya ofisini.