Pikapu jina moja, gari tofauti: uliza kwanza ilitengenezwa kwa soko la nchi gani

Nimeendesha pikapu kwa kazi miaka kumi na sita sasa, nimebeba mabomba, simenti, matenki ya maji, majenereta, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni lile lile, eti ipi nzuri, Hilux ya Toyota, Ranger ya Ford au D-Max ya Isuzu? Zamani nilikua najibu haraka haraka kwa kutaja jina. Siku hizi nauliza kwanza, hiyo uliyoiona ilitengenezwa kwa soko la nchi gani? Wengi wanahisi nakwepa swali lakini sikwepi, hapo ndo jibu lilipo, manake pikapu mbili zenye jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana injini, springi, usukani, uzito zinaobeba, mpaka mafuta zinayoweza kuyavumilia.

Mi nilijifunza kwa hasara. Pikapu ya kwanza kununua kwa hela yangu ilikua Hilux ya 2008, dabo kabini, dizeli. Nozeli zikaanza kusumbua, nikaagiza mpya kwa kusema tu "Hilux 2008 dizeli", nikalipa, nikasubiri wiki tano, boksi likafika, fundi akafungua akaziangalia akatikisa kichwa, hizi za injini nyingine. Kumbe Hilux ya kizazi kile ilitoka na dizeli za aina tatu, kuna 2KD ya lita 2.5, kuna 1KD ya lita 3.0, na kuna 5L ya lita 3.0 ambayo haina turbo kabisa na iliuzwa kwenye masoko ambako watu walitaka injini rahisi. Petroli nazo kuna ya 2.0, ya 2.7 na V6 (silinda sita) ya 4.0. Zote hizo ukimwambia mtu "Hilux 2008" hujadanganya, ila hujamwambia kitu.

Fundi yule ndo alinikalisha chini akanifundisha kusoma kibati, kile cha kiwandani chenye namba za gari. Kwa Toyota herufi za mwanzo za namba ya modeli zinataja injini, ukiona KUN hiyo ni dizeli ya KD, LAN ni ile isiyo na turbo, TGN ni petroli ya silinda nne, GGN ni V6. Afu ipo herufi ya mwishoni kabisa ambayo watu wengi wanaipita, mara nyingi hiyo inataja soko: W ni Ulaya, Q ni Australia, N ni Afrika Kusini, V ni nchi za Ghuba. Namba ya chesisi nayo inaongea. Gari iliyotengenezwa kuuzwa nje inakua na herufi na tarakimu 17, ikianza na MR0 ujue hiyo Hilux imetoka kiwanda cha Thailand, AHT ni Afrika Kusini, 8AJ ni Argentina. Gari ya soko la ndani la Japani haina hizo 17, ina namba fupi tu, jina la modeli, kistari, afu tarakimu. Piga picha kibati hicho kabla hujaongea bei, na ukiagiza spea yoyote tuma picha hiyo, usitume jina na mwaka.

Kwenye hilo la Japani naomba nikae kidogo kwa sababu naona watu wanaumizwa. Utaambiwa "hii Hilux ya 2011 ilikua inatembea Japani, imetunzwa". Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikurudi mpaka Septemba 2017, na hizo zilizorudi zilikua zinaingizwa Japani kutoka Thailand. Yani miaka 13 hapo katikati Wajapani hawakua na Hilux mpya dukani kwao. Kwahiyo hiyo ya 2011 karibu hakika ilitengenezwa kwa nchi nyingine, labda Thailand, labda Uingereza, labda Australia, na huenda ikawa gari nzuri tu, ila anaekuuzia ama hajui historia yake ama anajua na hasemi, na yote mawili yanatosha kukufanya ukague mara ya pili.

Sasa kwa nini ziwe tofauti hivo? Nilidhani zamani ni hali ya hewa na barabara. Vipo, lakini kikubwa ni kodi na sheria. Marekani ndo mfano mkubwa. Miaka ya sitini mwanzoni walikua na ugomvi wa kuku na nchi za Ulaya, Ulaya ilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani, Marekani ikajibu na ushuru wa asilimia 25 kwenye vitu kadhaa na kimojawapo ni magari madogo ya mizigo kutoka nje. Ulianza 1964, vile vitu vingine viliondolewa baadae lakini wa magari ukabaki mpaka leo hii. Ndo maana Subaru ilipopeleka pikapu yake ndogo ya BRAT Marekani mwishoni mwa miaka ya sabini ilifunga viti viwili vya plastiki kule nyuma kwenye bodi, ili ihesabike kama gari ya abiria! Na ndo sababu kubwa Mmarekani hapati Hilux ya dizeli tunayoijua, yeye toka 1995 anauziwa Tacoma, gari inayotengenezwa kwa ajili ya soko lake, ya petroli. Ukipata Tacoma iliyotumika ujue ni gari tamu sana kuendesha lakini spea zake usitegemee zitoke kwenye Hilux, ni gari mbili tofauti.

Sheria yao ya matumizi ya mafuta nayo imechangia ukubwa. Toka magari ya mwaka 2012 hivi lengo la mafuta kwa kila modeli linapimwa kwa eneo lililopo kati ya matairi manne, gari ikiwa na eneo kubwa inawekewa lengo jepesi, traki nazo zina kipimo chao chepesi kuliko saluni (magari ya kawaida ya abiria), basi kiwanda kinaona afadhali kutanua kuliko kupunguza. Niliwahi kupangiwa F-150 kazini, ile pikapu kubwa ya Ford ya Marekani, mwaka mzima. Injini ina nguvu, kabini kama sebule, kuvuta tela ni raha tupu. Ila ina upana wa zaidi ya mita 2 bila kuhesabu vioo, urefu wa dabo kabini karibu mita 5.9, na kwenye njia nyembamba nilikua nashuka kila mara kuangalia pembeni, geti ambalo Hilux yenye upana wa mita 1.85 inapita bila kufikiria mi nilikua nakunja vioo na kuomba. Na usukani uko kushoto, ukiwa kwenye nchi ya kuendesha upande wa kushoto kila unapotaka kuovateki lori lazima utoe nusu ya gari ndo uone mbele. Ukiwa na nchi ya hivo usinunue ya usukani kushoto kwa sababu tu ni rahisi, nakusihi, hilo ni suala la uhai.

Kitu kingine watu wanadhani kubwa ndo inabeba zaidi. Sivo. Wamarekani bado wanaita zile za daraja la F-150 "nusu tani", jina la zamani tu limebaki, na kweli uzito wa kubeba unategemea sana umechagua injini gani na vikorokoro gani, unaweza kukuta gari kubwa hivo inabeba chini ya Hilux ya singo kabini ambayo inabeba kama tani 1. Kule wanatilia mkazo kuvuta, F-150 zingine zinavuta zaidi ya tani 5, wakati pikapu hizi za Thailand wanaishia tani 3.5. Kwahiyo jiulize kazi yako ni kuvuta au kubeba. Mi ni kubeba.

Tofauti hiyo ya kodi utaiona kila mahali ukishaanza kuitafuta. Brazil tangu miaka ya sabini magari madogo hayaruhusiwi kutumia dizeli, isipokua yale yanayobeba kilo 1,000 na kuendelea au yenye foo wili na gia ndogo za kupandia. Ndo unaona kule pikapu zimegawanyika mara mbili, kuna ndogo za petroli na ethanoli kama Fiat Strada, ambayo imekaa kama gari ya kawaida iliyokatwa nyuma na inauzwa kupita kiasi, na kuna kubwa za dizeli zinazohakikisha zimefika tani hiyo. Uingereza kwa miaka mingi dabo kabini yenye uwezo wa kubeba tani 1 ilihesabiwa kama gari ya mizigo kwenye kodi ya gari la kampuni, basi viwanda vikahakikisha dabo kabini zao zinafika tani hiyo, hata kama mwenye nayo habebi chochote zaidi ya mbwa wake. Wakabadilisha Aprili 2025. Na Thailand kwenyewe pikapu inatozwa ushuru mdogo kuliko saluni, familia nyingi wananunua pikapu kama gari ya nyumbani, soko likakua, ndo maana Toyota, Isuzu, Ford, Mitsubishi wote wakaweka viwanda vyao vya pikapu pale.

Za Uingereza nina neno nazo. Bodi utaikuta inang'aa, ndani pasafi, kilometa chache. Ingia chini. Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi ile inakula chesisi kimya kimya, nilishaona moja nzuri kabisa kwa juu, bisibisi ikazama kwenye chesisi karibu na springi ya nyuma kama inazama kwenye keki. Beba tochi na kitu cha kugongea, gonga chesisi yote hasa pale juu ya difu, sauti ikibadilika ikawa nzito ya kufa, rudisha funguo. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini kote kwangu mi ni dalili ya kukimbia, sio ya kufurahia.

Dizeli sasa. Pikapu mpya za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi na nyingine zinatumia yale maji ya urea, zote zimepangwa kwa dizeli yenye salfa kidogo sana, ile ya sehemu 10 kwa milioni. Ukiipeleka mahali ambapo dizeli ni chafu chujio linaziba, taa inawaka, gari inakosa nguvu, na fundi atakushauri likatwe. Ukilikata unachafua hewa na mifumo ya kompyuta inaanza kugombana, hujatatua kitu. Kama dizeli unayopata huiamini tafuta ile iliyotengenezwa kwa masoko ya namna yako, nguvu kidogo, sensa chache. Ndo siri ya Land Cruiser ya 70 kudumu toka 1984, Toyota wameendelea kuitengeneza kwa ajili ya sehemu ambazo barabara ni mbaya na fundi yuko mbali, Wamarekani hawajawahi kuuziwa hiyo.

Kuhusu bodi ya nyuma, Waaustralia nawapenda. Wao ndo walianza zile gari za mbele saluni nyuma mzigo, Ford ya kule Geelong mwaka 1934, wanaziita ute, wameacha kuzitengeneza 2016 na 2017 lakini wamebaki na akili moja nzuri sana: wananunua chesisi na kabini tu, nyuma wanafunga kitanda cha bapa chenye kuta za kushuka pande zote. Unapakia kwa ubavu, foku lifti inafika, hakuna matuta ya matairi ndani. Ukizoea hiyo hutaki tena bodi ya kuzungushiwa. Dabo kabini bodi yake ni mita 1.5 hivi, na kwenye nyingi ndani matuta ya matairi yanazuia hata ubao wa plaiwudi wenye upana wa mita 1.22 usilale chini vizuri.

Na hapo ndo kirikuu ya Kijapani, kile kipikapu kidogo, inaaibisha wakubwa. Sheria yao inaibana: urefu usizidi mita 3.4, upana 1.48, injini sisi 660, mzigo kilo 350. Lakini ndani ya vipimo hivo wamekupa bodi ya mita kama 1.9 kwa 1.4, ndefu kuliko ya dabo kabini, kuta zinashuka pande tatu. Kwa mzigo mwepesi wenye nafasi kubwa, godoro, makreti, majani, hakuna gari yenye akili kuliko hiyo. Usiipakie tani tu, nawaona watu wanaipakia tani, breki zake na vile vitairi vya inchi 12 havikupangwa kwa hilo na mteremkoni hazisimami.

Kama unavuta tela pima na ile mpira ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Sehemu nyingi ni milimita 50, Wamarekani wana inchi 2, ambayo ni 50.8, na nyingine kubwa zaidi. Kikombe cha tela cha inchi 2 juu ya mpira wa 50 kinakaa, kinafunga, unaondoka nacho, kinacheza cheza kwenye matuta mpaka siku kinaruka. Namba imechongwa juu ya kikombe, isome.

Mi mwenyewe sasa hivi naendesha singo kabini ya Thailand, dizeli ndogo, nyuma nimefungisha kitanda cha bapa. Nilikagua tatu kabla yake, ya kwanza kibati kilikua kimeng'olewa, ya pili ilikua ya Uingereza na chesisi imeisha, ya tatu namba ya injini haikuendana na modeli. Hii ya nne kila kitu kilikubaliana, na spea ya kwanza niliyoagiza, seti ya klachi, iliingia mara moja bila kurudishwa.